Muziki kwenye boti ya omena: anza na betri, spika baadaye

Swali lenyewe, kwa ufupi: "Mimi ni mvuvi wa Usenge, Ziwa Victoria. Nina boti ya mbao ya futi 26 na injini ya farasi 15 ya kuvuta kamba. Tunavua omena, yaani dagaa wa ziwani, usiku, tuko watu wanne. Taa zetu ni tatu za LED, kila moja wati 10, na zote zinatumia betri moja ya gari, N50. Fundi mmoja wa muziki wa matatu pale Kisumu ameniambia atanifungia redio ya gari, amplifaya (kikuza sauti) ya chaneli nne, spika nne na sabufa (spika ya besi) ya inchi 12, vyote kwenye betri hiyo hiyo. Itafaa? Halafu wazee wa bichi wanasema muziki utafukuza samaki. Ni kweli?"

Ndugu yangu, fundi huyo anajua kazi yake, ila kazi yake ni ya matatu. Matatu ina oltaneta inayotengeneza umeme kila dakika injini inaponguruma. Piga muziki kutwa nzima kutoka Kisumu hadi Busia na kurudi, betri haishtuki. Wewe ukifika mahali pa kuvua unazima injini, na hata inapokuwa inawaka, nyingi za farasi 15 za kuvuta kamba hazina njia ya kuchaji betri. Umeme uliotoka nao ufuoni ndio wa usiku kucha. Kwa hiyo acha spika kwanza, tuongee betri.

Wati 10 kwenye volti 12 ni kama ampea 0.8. Taa tatu zinafika ampea 2.5. Mkiziwasha saa moja jioni mkazima saa kumi na moja alfajiri, ni saa kumi, yaani ampea-saa 25. N50 ikiwa mpya inabeba ampea-saa 50, lakini hiyo ni betri ya kuwashia gari. Sahani zake za risasi ni nyembamba, zimetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache kisha zijazwe tena papo hapo. Ukiishusha chini ya nusu kila usiku, haimalizi mwaka ikiwa na afya. Na nusu ya 50 ni 25. Taa peke yake zimeshamaliza fungu lote, na hapo tunadhani betri ni mpya. Ukitaka kujua yako iko wapi, nunua mita ndogo ya volti. Asubuhi mkirudi, zima kila kitu, iache betri itulie saa moja au mbili, kisha upime. Ikisoma 12.7 imejaa, 12.2 iko nusu. Ikisoma 11.9, unaitesa tayari kabla hata ya muziki kuingia.

Sasa weka juu yake mzigo wa fundi. Amplifaya za mtindo wa zamani, zile nzito zenye mapezi ya kupozea, hugeuza karibu nusu ya umeme kuwa joto tu. Sabufa ya inchi 12 ikipigwa kwa kiwango cha matatu, pamoja na spika nne, ampea 10 kwa wastani ni kitu cha kawaida. Jumlisha na taa: ampea 12.5. Betri ya 50 kwa ampea 12.5 ni saa nne, tena mpaka tone la mwisho. Mkianza saa moja jioni, kabla ya saa tano usiku muziki umekatika, taa zimefifia na omena waliokuwa wameanza kujikusanya chini ya mwanga wametawanyika. Jibu langu kwa mpango huo ni hapana.

Lakini muziki unaweza kuupata, tena mzuri. Ningekufungia betri ya pili, ya muziki peke yake, isiyogusana na ya taa hata kwa waya mmoja. Ikiisha mtabaki kimya, lakini mtaona. Ipo pia faida nyingine ya kuzitenga inayohusu kelele za redio, nitaifikia.

Betri hiyo ya pili iwe ya lithiamu aina ya LiFePO4, volti 12.8, ampea-saa 20. Ina uzito wa kilo tatu hivi, na unaweza kutumia robo tatu ya chaji yake au zaidi kila usiku bila kuidhuru. Redio yenye spika mbili zinazotoa sauti kubwa kwa umeme mdogo, kwa sauti ya kutosha watu wanne, hula kama ampea 1.5 kwa wastani. Saa sita ni ampea-saa 9, na betri bado ina akiba. Paneli ya sola ya wati 50 juani nyumbani itarudisha kiasi hicho kwa siku moja ya kawaida, jua la huku kwetu linatosha. Angalia tu kidhibiti chaji, kile kifaa cha kati ya paneli na betri, kiwe na mpangilio wa lithiamu. Kile cha betri ya risasi kina hatua za kupandisha volti juu ili kusafisha sahani, na lithiamu haihitaji hilo wala haipendi. Ni ghali kuliko N50 nyingine? Ndiyo. Lakini hesabu ni N50 ngapi umezika tangu uanze kuvua omena.

Niseme jambo moja ambalo mafundi hatupendi kulisema kwa sababu halituletei kazi. Kama unachotaka ni nyimbo tu za kuwaweka macho usiku, spika ya mkononi ya bluetooth isiyopenya maji, yenye alama ya IPX7, inatosha kabisa. Haihitaji waya wala fyuzi. Alama hiyo ina maana kwamba inaweza kuzama mita moja kwa nusu saa na ikatoka nzima. Kinachofanya nisikuambie uishie hapo ni kwamba wavuvi wengi wanataka pia stesheni kama Ramogi au Nam Lolwe, habari, mpira na taarifa za hali ya hewa, na vijispika hivyo vingi havina redio au vinayo ya kubahatisha.

Basi tununue redio ya gari, lakini isiyo na mlango wa CD. Mlango ni njia ya unyevu, na hakuna mtu anayebeba diski ziwani siku hizi. Iwe na bluetooth, mahali pa flashi na FM. Kwenye boksi utaona imeandikwa wati 50 mara 4. Geuza redio uangalie fyuzi nyuma yake: mara nyingi ni ya ampea 10. Ampea 10 kwa volti 14.4 ni wati 144 zinazoingia, na sehemu ya hizo inaishia kwenye joto. Wati 200 zitatoka wapi? Ukweli wa redio hizo ni wati 15 hadi 20 kwa kila chaneli kabla sauti haijaanza kukwaruza. Hizo zinatosha, usinunue amplifaya. Ukizidiwa na hamu, siku nyingine utaongeza ile ndogo ya daraja D, ambayo hupoteza umeme kidogo sana.

Kinacholeta sauti kubwa kwa umeme mdogo ni spika, na hapa wengi hudanganywa na ukubwa wa sumaku. Muulize muuzaji, au soma kwenye karatasi, spika inatoa desibeli ngapi kwa wati moja ukiwa mita moja mbele yake. Kila desibeli 3 za ziada ni kama umeongeza nguvu maradufu. Spika ya desibeli 92 ikipewa wati 5 inalingana na ya desibeli 86 iliyopewa wati 20. Kwa mtu anayelipa muziki kwa ampea-saa, tofauti hiyo ndiyo usiku mzima. Chukua mbili za inchi 6.5, zenye koni ya plastiki na ukingo wa mpira. Koni ya karatasi hunywa unyevu, ikavimba na kulegea. Ziwa letu lina maji baridi, si chumvi, kwa hiyo hutahitaji zile za bei ya juu zilizotengenezwa kwa bahari. Adui zako ni mvua, umande wa alfajiri na jua la mchana boti ikiwa imelala ufuoni.

Spika lazima iwe na kasha. Ikiachwa uchi, sauti ya nyuma ya koni inakutana na ya mbele na besi inakufa. Ndani ya gari mlango hufanya kazi ya kasha, boti yako haina mlango. Tengeneza kasha la mbao za plaiwudi isiyopenya maji, lita 10 hivi kwa kila spika, lifungwe kabisa pande zote, lipakwe rangi ndani na nje. Nimeona watu wakikata jerikani ya mafuta ya kupikia na kufunga spika mdomoni. Inalia, lakini plastiki nyembamba hutetema na kuleta mlio wa mkebe. Elekeza makasha kwenye vichwa vya watu: moja mbele, moja karibu na mwendesha injini, yote mawili juu ya usawa wa viti. Nje hakuna kuta za kurudisha sauti, na kila umbali ukiongezeka maradufu unapoteza desibeli 6, kwa hiyo kusogeza spika karibu ni nguvu ya bure.

Kufunga spika kuna mambo mawili yanayoua redio nyingi. La kwanza, waya hasi wa spika kwenye redio za kisasa si hasi ya betri. Ukiuunganisha na hasi ya betri, au ukiunganisha hasi za spika zote mbili pamoja ili kuokoa waya, unachoma chipu ya ndani. Kila spika ipate nyaya zake mbili kutoka redioni. La pili, usifunge spika mbili za omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) kwenye chaneli moja, maana zitakuwa omu 2 na redio itachemka. Halafu hakikisha chanya na hasi haziko kinyume kwenye spika mojawapo. Gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwenye nyaya za spika kwa sekunde moja: chanya ikiwa mahali pake koni inaruka mbele, ikiwa kinyume inazama. Spika mbili zinazovutana hupoteza besi, na utalaumu sabufa ambayo huna.

Nyaya. Hapa ndipo boti nyingi huharibikia, na ndipo ningependa usimharakishe fundi. Usikubali waya wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu. Mtetemo wa injini utaukata ndani ya ngozi yake na hutaona. Chukua wa nyuzi nyingi nyembamba, milimita za mraba 2.5 kutoka betri hadi redio. Kwa mita 3 za kwenda na 3 za kurudi, redio ikivuta ampea 5, unapoteza volti 0.2 tu njiani. Amplifaya ya yule fundi ikivuta ampea 30 kwa mpigo wa besi kupitia waya huo huo, ungepoteza zaidi ya volti 1.2, na hapo ndipo redio hujizima na kujiwasha. Kuna pia nyaya nene za bei poa za muziki wa gari ambazo ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: rangi ya shaba nje na nyeupe ndani, rudisha dukani. Nyeupe nje na shaba ndani ni shaba iliyopakwa bati, hiyo ndiyo bora kuliko zote kwa boti. Ukizunguka soko la Kibuye, Kisumu, kwa subira unaweza kuipata.

Fyuzi ikae karibu na betri, ndani ya sentimita 18, kwenye waya wa chanya. Watu huiweka karibu na redio wakidhani inalinda redio. Kazi yake kubwa ni kulinda waya: waya ukichubuka katikati ya boti na fyuzi iko mwisho, urefu wote kabla yake unaweza kuwaka moto. Ya ampea 10 inatosha. Betri iwe ndani ya boksi la plastiki lililofungwa kwa mkanda kwenye kiti cha kati, juu ya maji ya ngamani, na mbali na tangi la petroli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutulia chini kabisa ya boti, na cheche ya swichi moja inatosha. Hiyo N50 nayo, inapochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayoshika moto, basi isichajiwe ndani ya chumba mnacholala.

Viungo vibanwe kwa koleo la kubania, si kusokotwa na kufungwa gundi ya karatasi, kisha vifunikwe kwa mpira unaonywea kwa joto. Waya ukiingia kwenye redio au kasha, uache uning'inie kidogo chini kabla haujapanda kuingia, ili tone la maji lidondokee hapo badala ya kufuata waya hadi ndani. Redio yenyewe iweke kwenye sanduku lenye mfuniko unaoinama mbele, na skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Usitoboe ubao wowote chini ya usawa wa maji kwa ajili ya muziki.

Sasa kelele. Mara nyingi utawasha redio, FM iko safi, ukiwasha taa tu inaanza kukwaruza. Ni vile vifaa vidogo ndani ya taa za LED za bei rahisi vinavyokata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na waya wa taa unageuka kuwa antena ya kurusha takataka. Betri iliyotengwa inapunguza sana tatizo hilo, ndiyo faida niliyoiahidi. Sokota pamoja waya chanya na hasi wa kila taa, na upitishe upande mwingine wa boti, mbali na nyaya za redio. Kama mlio unapanda na kushuka na mwendo wa injini, basi ni plagi ya injini, ile inayotoa cheche. Injini nyingi za viharusi viwili (two-stroke) huja na plagi isiyo na kizuizi cha kelele ndani. Kwa plagi za NGK, herufi R ndiyo inayotofautisha: B7HS haina, BR7HS inayo. Soma iliyoandikwa kwenye plagi yako na kitabu cha injini, ukanunue ya namba hiyo hiyo yenye R.

Antena ya gari inategemea bodi ya bati kama nusu yake ya pili. Kwenye mbao inabaki nusu. Tengeneza yako: vipande viwili vya waya, kila kimoja sentimita 75, kimoja kiunganishwe na uzi wa katikati wa kebo ya antena, kingine na wavu wake wa nje, kimoja kielekee juu na kingine kishuke chini kwenye mti uliosimama. FM husafiri kama macho yanavyoona, kwa hiyo kila nusu mita ya juu ina maana, hasa mkishapita kisiwa cha Mageta.

Wazee wa bichi wako hawajakosea kabisa. Sauti iliyo hewani ikigonga maji, zaidi ya asilimia 99 ya nguvu yake hurudi juu. Ile inayokuja kwa mshazari wa zaidi ya nyuzi 13 kutoka wima haiingii kabisa. Spika iliyoelekezwa kwa watu, ikiwa juu ya kiti, haiwasumbui samaki kuliko makasia au mtu anayegonga ubao kwa mguu. Ila omena ni wa ukoo wa samaki wenye vijifupa vinavyounganisha kibofu cha hewa na sikio, na samaki wa namna hiyo husikia vizuri kuliko mbuta au ngege. Sabufa ya inchi 12 iliyofungwa sakafuni haipigi hewa peke yake. Inatikisa mbao, na mbao zinagusa maji moja kwa moja. Hiyo nisingeihatarisha usiku ambao petroli imeshanunuliwa. Hata makasha yako madogo yaweke juu ya vipande vya mpira wa tairi, yasigusane na ubao.

Na kitufe cha sauti kiwe mkononi mwa anayeshika injini, si mbele kwa vijana. Ndiye anayepaswa kusikia upepo ukigeuka, boti isiyo na taa inayokuja, au mtu akiita kwamba ameanguka majini. Mkikaribia ufuo wenye viboko, zima.

Jambo la mwisho ni waya wa njano na mwekundu nyuma ya redio. Mwekundu huiwasha, wa njano hutunza stesheni na saa, na huvuta umeme kidogo hata redio ikiwa imezimwa. Kwenye boti yako, isiyo na ufunguo, fundi atazifunga pamoja. Sawa, lakini ziwekewe swichi moja isiyopenya maji mbele yake. Hata miliampea 10 tu, kuanzia uvuvi wa omena unapofungwa Aprili hadi mwisho wa Julai, ni karibu ampea-saa 29, na betri yako ni ya 20. Msimu ukifungwa, zima swichi, chomoa betri, ipeleke nyumbani ikiwa na nusu ya chaji, iweke mahali pakavu pasipo jua, uipime mara moja kwa mwezi.